Nchi Inayomsubiri Mgeni Rasmi

Msiitafute nchi ya Uzinduni kwenye ramani ya ukutani. Ramani yake ya zamani ilifutwa kwa tangazo la serikali, na mpya, nakala laki mbili, imefungiwa ghalani ikisubiri kuzinduliwa. Kwa sasa basi nchi ipo, watu wapo, bendera ipo, ila mahali ilipo wanapajua wenyewe. Mimi nilifika kwa sababu rubani wetu alizaliwa huko, na kwao mtu hapasahau.

Mimi ni mwalimu mkuu mstaafu. Nilifundisha hisabati miaka thelathini na minne, nikaagwa kwa soda na saa ya ukutani, kisha nikajiambia kwamba sitakufa bila kuona nchi ya watu. Nikachagua safari ya siku tano, miji mitatu. Kwetu, kama mnavyojua, hakuna vioja. Mambo yote hunyooka, viongozi huongea kwa ufupi, na mtu akitaka kucheka hana budi kukata tiketi. Ndiyo sababu nilikwenda.

Ndege ilitua mbele ya jengo jipya la abiria, vioo juu mpaka chini, viti vingali na nailoni zake. Tukalizunguka jengo lile kwa miguu, tukaingilia kwenye ghala la vitunguu lililo nyuma yake, ambako afisa uhamiaji alikuwa ameketi juu ya gunia.

"Lile jengo lina kasoro gani?" nikamuuliza.

"Kasoro? Lile halina kasoro hata moja, mzee. Mwaka wa kumi na mbili huu halina kasoro."

"Mbona basi hatukupita?"

"Halijafunguliwa." Akanionyesha kwa kalamu. Kweli, mlangoni palikuwa na utepe mwekundu wenye ua la kitambaa katikati, na askari wawili wakiulinda. "Mgeni Rasmi hajaja."

Akachukua pasipoti yangu. Muhuri mpya wa uhamiaji nao ulikuwa bado kuzinduliwa, kwa hiyo akaweka kifuniko cha chupa juu ya ukurasa, akazungushia kalamu, akaandika ndani yake neno KARIBU. Kimoyomoyo nikampa alama saba kwa kumi, maana mduara ulikuwa safi.

Nje ya vitunguu nilimkuta mwanamke kijana ameshika kipande cha boksi chenye jina langu. Tumbo lake lilikuwa limekwisha kushuka, na viatu alikuwa amevikanyaga visigino kwa sababu miguu imevimba.

"Shikamoo, Mwalimu. Naitwa Siwema Chande, Afisa Mwongozaji Watalii Daraja la Pili. Karibu Uzinduni, nchi ambayo kila kitu kiko tayari."

"Marahaba. Mwanangu, una miezi mingapi?"

"Tisa na siku zake."

"Na bado uko kazini?"

"Sheria ya likizo ya uzazi ilipita zamani, Mwalimu. Fomu zake ndizo bado."

"Hazijachapwa?"

"Zimechapwa," akasema, akilichukua begi langu kabla sijamzuia. "Zinasubiri uzinduzi."

*

Mambo ya nchi ile nilifafanuliwa ndani ya gari tukielekea Itifakini, mji mkuu. Katiba yao inasema kwamba kitu chochote kilichojengwa, kilichonunuliwa au kilichochapwa na serikali ni mwiko kukitumia mpaka Mgeni Rasmi akate utepe. Na Mgeni Rasmi ni mmoja.

"Zamani kila waziri alikuwa anafungua chake," alisema Siwema. "Mawaziri wawili wakagombea choo cha stendi. Huyu akakata utepe upande huu, yule akakata upande ule, nchi ikanusurika kuingia vitani. Wazee wa chama wakakaa kikao, wakaona dawa ni kuwa na Mgeni Rasmi mmoja wa taifa zima, wa maisha. Tangu hapo hatujagombana tena."

"Na choo?"

"Choo kimefungwa, Mwalimu. Lakini amani ipo."

Mgeni Rasmi, kwa kuwa naye ni binadamu na anahitaji kupumzika, hufungua kitu kimoja kwa juma. Serikali, kwa kuwa ni sikivu na inachapa kazi, hukamilisha vitu vitano kwa juma. Nikaikokotoa hesabu kichwani: kila mwaka nchi ile inajiongezea vitu mia mbili na vinane vilivyo tayari na visivyoguswa. Nilimwambia Siwema jibu langu. Akasema takwimu hizo wanazo, ziko kwenye kitabu, na kitabu kiko ghalani.

Itifakini ni mji wa kupendeza kama huna haja ya kuingia mahali. Nilionyeshwa maktaba kwa nje. Nilionyeshwa stendi ya mabasi yenye paa la kisasa, na mabasi yake yaliyoegeshwa kwenye tope ng'ambo ya barabara. Nilionyeshwa Makumbusho ya Taifa ya Mawe ya Msingi, yenye mawe zaidi ya elfu nne, kila moja na jina na tarehe. Mengi ya majengo yaliyowekewa mawe hayo hayakuwahi kujengwa, ila mawe yenyewe yametunzwa vizuri sana. Tuliyatazama kupitia dirisha, kwa zamu, kwa sababu makumbusho nayo yalikuwa bado.

Mchana nikaalikwa chakula na Mkuu wa Itifaki wa Taifa, Bwana Yustino Mkupasi. Alikuwa mtu mnene, suti yake imenyooka, mfukoni ana kalamu tatu. Chumbani tulikuwa watatu: yeye, mimi na Siwema. Akasimama, akagonga glasi kwa kijiko.

"Mheshimiwa Mtalii, Mheshimiwa Afisa Mwongozaji, Mheshimiwa Dereva ambaye hatuko naye kwa kuwa yuko nje analinda gari, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa." Hapo akapumzika kidogo ili tupige makofi. "Wako wanaotubeza. Wanasema Uzinduni tunachelewesha maendeleo. Nawauliza: ni nani kati yetu, nasema ni nani, angependa kuugua katika hospitali ambayo haijafunguliwa? Hiyo si hospitali! Hilo ni jengo lenye madaktari! Kinacholifanya jengo liwe hospitali ni mkasi!"

Aliendelea hivyo kwa saa moja na dakika arobaini, na wali ukawa baridi. Nimewahi kusikia hotuba za siku ya wazazi, lakini mtu anayemhutubia mtalii mmoja aliyeshika kijiko sikuwahi kumwona. Nilimdharau toka nywele mpaka kiatu. Mwishoni alitangaza kwamba Jumamosi Mgeni Rasmi angefungua Hospitali ya Majaribuni, mji wa tatu katika safari yangu, iliyokamilika miaka tisa iliyopita, na kwamba mimi nimetengewa kiti jukwaani kama kivutio kwa wananchi.

Nilimwona Siwema anaweka kiganja tumboni.

"Kwenu ni huko?" nikamuuliza tulipotoka.

"Ndiko kwetu. Huyu nataka azaliwe mle ndani, Mwalimu. Leo Jumatano. Nikiweza kufika Jumamosi naye hajatoka, nimeshinda."

*

Mji wa pili ulikuwa Mabombani. Jina hilo waliupa baada ya mradi wa maji: mabomba mia sita, moja kila baada ya hatua hamsini, na kila bomba na utepe wake mdogo shingoni. Pembeni ya kila bomba kuna mtaro, na pembeni ya mtaro kuna foleni ya wanawake wenye ndoo.

Saa nne kamili asubuhi mafundi wa idara ya maji walikuja na funguo zao, wakafungulia koki ya nyuma, maji meupe yakatoka kwa kishindo yakamwagikia mtaroni. Wanawake wakainua ndoo. Maji yale yalikuwa yamekwisha kuchanganyika na matope na maganda ya ndizi.

"Mama, hujambo," nikamwambia mmoja. "Haya maji si ndiyo yaleyale ya bombani?"

"Ndiyo yenyewe, baba."

"Kwa nini usikinge juu, yakiwa bado safi?"

Akacheka kwa adabu, namna mtu mzima anavyomcheka mgeni asiyejua desturi. "Haya ni ya majaribio, baba. Wanayajaribu kila siku kama yako tayari. Ya kunywa bado."

"Mtasubiri mpaka lini?"

"Tumo kwenye ratiba," akasema, akajitwisha ndoo yake akaenda.

Nilirudi garini nimekasirika, na sitawaficha: hasira yangu haikuwa kwa Mkupasi tu. Nilimkasirikia na mama yule. Tulipoanza safari ya kwenda Majaribuni nikamwambia Siwema kwamba watu wanaoteka maji mtaroni mbele ya bomba wamejitakia wenyewe, kwamba kwetu mtu mmoja tu mwenye akili angekwenda kuukata ule utepe na mambo yangekwisha. Nilisema mengi. Niliwapa taifa zima sifuri.

Siwema akasema, "Mimi pia ni watu haohao, Mwalimu."

Akanisimulia bila kuniangalia. Miaka miwili iliyopita alishikwa na uchungu wa mtoto wake wa kwanza. Mumewe akampeleka pale hospitali ya Majaribuni. Mlango ulikuwa wazi, kwa sababu huachwa wazi hewa ipite vitanda visiote ukungu, na mbele ya mlango utepe. Wauguzi na madaktari walikuwa nje, kwenye benchi. Wameajiriwa, huja kila asubuhi, husaini, hukaa kwenye benchi wakiutazama utepe mpaka saa tisa na nusu, hurudi nyumbani.

"Mkunga alikuwepo?"

"Bi. Leokadia. Alikuwepo. Alikuwa ananitazama analia."

"Kwa nini asikuzalishe palepale kwenye benchi?"

"Kutoa huduma nje ya kituo ni kosa. Na ndani kulikuwa bado." Akavuta pumzi. "Nilisimama pale saa tatu nzima, tukiambiwa Mgeni Rasmi anaweza kutokea wakati wowote. Baadaye wakanipakia kwenye mkokoteni kunipeleka misheni, kule milimani. Alizaliwa njiani. Hakulia. Tukamzika kabla ya kufika."

Siwema akajifuta uso kwa ncha ya mtandio, akanyoosha mkono kuelekea dirishani.

"Upande wako wa kushoto, Mwalimu, utaona Daraja la Umoja wa Kitaifa, lenye urefu wa mita mia tatu na kumi, lililokamilika miaka saba iliyopita."

Lilikuwa daraja zuri kweli, na utepe ulipepea katika ncha yake. Gari letu likateremka kando yake, likaingia mtoni, likavuka kwenye kina kifupi maji yakigonga milango.

*

Jumamosi asubuhi Majaribuni yote ilikuwa uwanjani mbele ya hospitali. Mahema yalikuwa yamesimamishwa, nyasi zimenyunyiziwa rangi ya kijani, mawe yamepakwa chokaa. Wagonjwa halisi walikuwa wamesogezwa nyuma ya hema la kwaya wasiharibu picha. Kwenye benchi lao waliketi madaktari na wauguzi, makoti meupe yamepigwa pasi, na mwishoni kabisa mwanamke wa makamo aliyefumbata mikono yake. Sikuhitaji kuambiwa kwamba huyo ndiye Bi. Leokadia.

Utepe ulikuwa umefungwa kati ya nguzo mbili, kimo cha kifua cha mtu. Mbele yake kulikuwa na meza ndogo, juu yake mto wa mahameli, juu ya mto mkasi, na kila upande wa meza askari.

Mimi nilikuwa jukwaani na Siwema alikuwa nyuma yangu, amesimama, kwa sababu Daraja la Pili hawana viti. Saa mbili na nusu nikasikia kiti changu kinatikisika. Nikageuka. Alikuwa ameshika mgongo wa kiti kwa mikono miwili, uso umelowa jasho.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu alfajiri. Sikutaka waniondoe."

Nikamkalisha kwenye kiti changu, nikamwendea Bwana Mkupasi aliyekuwa anahakiki orodha ya waheshimiwa.

"Bwana Mkupasi, kuna mama anajifungua."

Akaiangalia ratiba yake kutoka juu mpaka chini. "Kujifungua hakumo."

"Hata kama hakumo, mtoto anakuja."

"Mheshimiwa Mtalii, hatupingi mtoto kuja. Tena tunaweza kumwingiza, tukambadilisha na ngonjera. Nambari kumi na nne, baada ya neno la shukrani." Akachukua kalamu. "Atahitaji dakika ngapi?"

Wakati huohuo msaidizi wake wa simu akamkimbilia. Mgeni Rasmi alikuwa amekwama mtoni. Asingeweza kupita darajani, kwa sababu daraja halijafunguliwa na yeye, zaidi ya mtu yeyote nchini, hawezi kuvunja Katiba. Asingeweza kulifungua, kwa sababu ufunguzi wa daraja umepangwa miaka sita ijayo. Na kupita majini asingekubali, maana maji yangeingia kwenye gari yakamlowesha viatu. Msafara umegeuza unatafuta njia ya kuzunguka milima. Itachukua saa tatu hivi, pengine nne. Mshereheshaji akawatangazia wananchi habari njema kwamba Mgeni Rasmi yuko njiani.

Hapo nikalipuka. Nilimwambia Mkupasi akate utepe. Akasema mkasi una wenyewe. Nikamwambia akate kwa meno. Akasema meno yake hayajateuliwa. Nikamwambia yeye ni muuaji, nikamwambia nchi yake ni aibu ya bara zima, nikamtajia haki za binadamu, ibara kwa ibara, jinsi nilivyozikumbuka. Watu wakawa wananisikiliza. Naona haya kusema kwamba nilifurahia sauti yangu. Nilikuwa bado namnyooshea kidole puani nilipoona macho yake yamehama kwangu.

Siwema alikuwa ameshuka jukwaani. Alitembea kwenye zulia jekundu taratibu, mkono mmoja kiunoni, akipumua kwa mdomo. Akawapita askari, nao hawakumzuia kwa sababu waliagizwa kulinda mkasi. Akafika kwenye utepe, akashika nguzo. Tukadhani anapumzika.

Akainama. Utepe ukamteleza mgongoni, ua la kitambaa likatikisika, na Siwema akawa upande wa pili. Akaingia mlangoni akiambaa na ukuta.

Kwaya ikaishia katikati ya neno. Miaka tisa mji ule ulikuwa umeutazama utepe ule, na mimi siku nne nimetazama mamia ya tepe kama ule na kuzipiga picha. Wote tulikuwa tumejadiliana kuhusu mkasi.

Kutoka ndani tukasikia Siwema analia kwa uchungu. Kwenye benchi, Bi. Leokadia akainuka. Akawaangalia madaktari, nao wakaangalia viatu vyao. Akakusanya gauni lake magotini, akainama, akapita.

Mtoto alilia saa tatu na dakika ishirini. Niliangalia saa yangu ya mkononi, kwa mazoea ya msimamizi wa mitihani. Wanawake waliokuwa nyuma ya hema walipiga vigelegele, na hakuna aliyewapangia kwenye ratiba.

*

Bwana Mkupasi alikuwa wa kwanza kuzinduka. Alikwenda kwenye utepe akaukagua kwa vidole, kutoka nguzo hadi nguzo, kisha akarudi kwenye kipaza sauti uso umetulia.

"Ndugu wananchi, utepe ni mzima. Kwa kuwa utepe ni mzima, hospitali haijafunguliwa. Na kwa kuwa haijafunguliwa, hakuna mtu aliyeingia. Tunaendelea na burudani."

Mgeni Rasmi aliwasili saa sita na robo. Nilikuwa nimejitayarisha kuliona jitu. Alishuka kizee kifupi chenye usingizi machoni, kidole gumba kimeota sugu kwa miaka mingi ya mkasi. Akashikwa mkono mpaka mezani. Akakata. Wakapiga makofi, bendi ikapuliza.

"Kuanzia dakika hii," akasema kwa sauti nyembamba, "wananchi wa Majaribuni, mnaruhusiwa kuugua."

Kutoka ndani mtoto akalia tena. Mgeni Rasmi akatega sikio, uso ukachanua. "Mnasikia? Nimekata utepe sasa hivi, na matunda yameanza kuonekana!" Shangwe zilizofuata sijawahi kuzisikia hata kwenye mpira.

Baada ya hapo Mkupasi akaniomba niingie naye wodini. Siwema alikuwa amelala kwenye kitanda ambacho nailoni yake ilikuwa imechanwa kwa haraka upande mmoja. Mtoto alikuwa kifuani pake, wa kike, nywele nyingi. Bi. Leokadia alikuwa anafua shuka kwenye karai. Mkupasi akafungua kitabu kikubwa cha vizazi, ukurasa wa kwanza kabisa, akasoma kwa sauti alichokwisha kuandika: mtoto wa kike, hai, amezaliwa saa sita na nusu mchana.

"Saa tatu," akasema Siwema. "Saa tatu na kitu."

"Saa tatu hospitali ilikuwa haijafunguliwa, binti."

"Ndiyo. Na amezaliwa. Andika saa tatu."

"Nikiandika hivyo, kitabu kitasema kwamba jengo hili lilikuwa linatibu kabla ya Mgeni Rasmi. Watu watauliza: kama lilitibu leo asubuhi, kwa nini lisitibu jana? Kwa nini lisitibu mwaka jana?"

"Na mwaka juzi," akasema Siwema. Alikuwa ameinuka kwa kiwiko. "Hicho ndicho ninachotaka kiandikwe. Ionekane ilikuwa inawezekana. Mwenzake huyu alikuja hapohapo mlangoni, na miguu ya kuingilia nilikuwa nayo. Andika saa tatu, Bwana Mkupasi."

Mkupasi akamgeukia mkunga. Bi. Leokadia hakuacha kufua. Alisema yeye alikuwa anamtazama mtoto, hakutazama saa.

"Sheria iko wazi," akasema Mkupasi. "Mzazi akibisha, anasikilizwa shahidi asiye na upande. Atakachosaini ndicho kitakachokuwa."

Uso wa Siwema ukanawiri. "Basi muulizeni Mwalimu! Mwalimu alikuwa na saa mkononi. Nilimwona anaiangalia kila wakati safari nzima. Mwalimu, waambie."

Mkupasi akanishika kiwiko kwa upole, akanisogeza dirishani. Kutoka mfuko wa ndani akatoa pasipoti yangu, ambayo hoteli ilikuwa imenitunzia. Akaufungua ukurasa wenye ule mduara wa kifuniko cha chupa. Akasema kwamba mtu hutoka Uzinduni kwa muhuri wa kutokea, na kwamba muhuri huo unaweza kuchorwa leo hii, yeye mwenyewe ana mkono mzuri. Au tunaweza kusubiri ule mpya, ambao umekwisha kutengenezwa na umo kwenye ratiba.

Ndege yangu ilikuwa Jumapili asubuhi. Nyumbani nilikuwa nimeacha kuku, na dawa zangu za presha zilibaki za siku mbili. Nilijiambia hayo yote, na mengine, kwa muda mfupi mno kuliko nilivyowahi kuchukua kutatua hesabu yoyote. Mimi niliyewafukuza watoto darasani kwa kunakili jibu la jirani nilikiinamia kile kitabu, nikasaini kando ya saa sita na nusu. Mpaka leo, katika nchi ile, binti yule amepunguziwa umri wake kwa saa tatu na dakika kumi, na saini iliyopo hapo ni yangu.

Siwema alijilaza, akamfunika mtoto vizuri, kisha akaniangalia kwa uso uleule alionipokea nao.

"Gari liko nje, Mwalimu, dereva atakufikisha uwanjani," akasema. "Tunakushukuru kwa kuitembelea nchi yetu. Karibu tena."